Mafaili matatu, picha moja: kuzipanga grafu zenye paneli nyingi

Asubuhi moja ya Machi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mlima Loleza, mwanafunzi mmoja alikuja na laptopu yake na mafaili matatu. La kwanza, ambalo kwa kweli lilikuwa mafaili madogo matatu, lilikuwa na mvua ya kila siku kutoka vituo vya Mbeya, Iringa na Tukuyu. La pili lilikuwa na bei za mahindi zilizochukuliwa kila wiki katika masoko kadhaa. La tatu lilikuwa na mavuno ya vishamba vya majaribio, mbegu nne kwa misimu miwili. Baada ya shikamoo alikwenda moja kwa moja kwenye shida yake: “Mwalimu, msimamizi wangu anataka yote yaonekane kwenye picha moja. Nimekesha nalo, R inanikatalia.”

R, programu ya takwimu na ya kuchorea grafu, haikuwa imemkatalia. Ilikuwa imemchorea alichokiomba, ila mwenyewe alikuwa hajaamua ni kitu gani kinalinganishwa na kitu gani, na hilo ni jambo ambalo hakuna programu inayoweza kumwamulia mtu.

Grafu yenye paneli nyingi ni picha moja iliyogawanywa vyumba, na kila chumba kina mihimili yake, yaani mistari ya kupimia, mmoja mlalo na mmoja wima. Chini ya umbo hilo zimejificha kazi mbili zisizofanana, na karibu matatizo yote ninayoletewa hutokana na mtu kuchukua zana ya kazi moja akaifanyia nyingine. Kazi ya kwanza ni kuonyesha kipimo kilekile kwa makundi mbalimbali: mvua ya Mbeya, mvua ya Iringa, mvua ya Tukuyu. Hapo paneli zote zinauliza swali moja, ila kila moja inamuuliza mtu wake. Kazi ya pili ni kuonyesha vipimo tofauti vya kipindi kilekile: mvua juu, bei ya mahindi chini, na tarehe zikienda sambamba. Hapo maswali ni mawili, na kinachoziunganisha paneli ni mhimili mlalo peke yake. Kazi ya kwanza hudai jedwali moja. Kazi ya pili hudai grafu mbili zilizochorwa kila moja kivyake, kisha zikapangwa juu na chini kwa usawa.

Shayiri ya Minnesota

Mfano unaoonyesha vizuri nguvu ya kazi ya kwanza unatoka mbali na kwetu, ingawa mkulima wa Uyole angeuelewa bila kufafanuliwa sana. Mwaka 1931 na 1932 watafiti wa kilimo katika jimbo la Minnesota, Marekani, walipanda aina 10 za shayiri katika vituo 6 na kuandika mavuno ya kila aina kila mwaka, jumla namba 120. Data hizo zilitumiwa na wanatakwimu kwa miaka mingi, akiwemo Ronald Fisher, na zikawa kama ugali wa darasani, kitu ambacho kila mtu amekionja na hakuna anayekitazama tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, William Cleveland na wenzake wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya huko Marekani, walizichora upya. Kila kituo kilipewa paneli yake, kila aina ya shayiri mstari wake, na miaka miwili ikatofautishwa kwa alama mbili. Paneli zote zilitumia skeli moja, yaani vipimo vilevile kwenye mihimili, na hazikupangwa kwa alfabeti bali kwa ukubwa wa mavuno. Mara moja jambo likajitokeza: katika vituo vitano mavuno ya 1931 yalikuwa makubwa kuliko ya 1932, lakini katika kituo kiitwacho Morris mambo yalikuwa kinyume. Dhana iliyoenea ikawa kwamba kuna mtu aliigeuza miaka ya Morris kwa bahati mbaya wakati wa kuandika, 1931 ikawa 1932 na 1932 ikawa 1931. Mwaka 2013 mwanatakwimu Kevin Wright alizirudia data hizo akiwa na kumbukumbu za miaka mingine ya vituo hivyohivyo, na akaona kwamba mapinduko ya namna hiyo si ya ajabu, kwa hiyo huenda hakukuwa na kosa lolote. Mimi sina haja ya kuamua kesi hiyo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba namba 120 zilikaa ndani ya majedwali miaka 60 bila mtu kuuliza kuhusu Morris, na zilipogawiwa paneli sita zenye skeli moja, swali likajiuliza lenyewe.

Data hizo bado zimo ndani ya kifurushi cha R kiitwacho lattice, kilichoandikwa na Deepayan Sarkar, na yeyote anaweza kuzichora akajionea. (Kifurushi hapa si kile cha intaneti ya simu, ni mkusanyo wa amri ambazo mtu mwingine amekwisha kuziandika na kuzigawa bure.)

Jedwali moja, refu

Kifurushi ambacho wengi hukitumia leo kwa kazi ya kwanza ni ggplot2, alichokitoa Hadley Wickham mwaka 2007. Sharti lake ni moja na halina huruma: namba zote za kipimo kimoja ziwe katika safu wima moja, na pembeni yake iwepo safu wima nyingine inayosema kila namba ni ya nani. Watu wengi huja na jedwali pana, lenye safu wima ya Mbeya, ya Iringa na ya Tukuyu zikiwa zimepangana kama vitanda vya bweni. Jicho la binadamu hulipenda jedwali la namna hiyo, lakini programu inaona vipimo vitatu tofauti visivyo na undugu. Mafaili matatu ya vituo vitatu yanapaswa kuwekwa moja chini ya jingine:

mvua <- bind_rows(Mbeya = m1, Iringa = m2, Tukuyu = m3, .id = "kituo")

ggplot(mvua, aes(mwezi, mm)) +
  geom_col() +
  facet_wrap(~ kituo, ncol = 1)

Amri ya kwanza inayabandika mafaili na kuandika jina la kituo kwenye kila safu mlalo. Amri ya facet_wrap ndiyo inayogawa vyumba, na alama ya wimbi iliyo mbele ya kituo inasomeka “kwa kadiri ya kituo”. Hayo tu ndiyo uchoraji. Kazi iliyobaki ni usafi wa data, na ndiyo inayokula siku.

Kwa mfano, majina ya masoko katika faili la bei yalikuwa yameandikwa kwa mkono na watu tofauti. Grafu ya kwanza ya mwanafunzi wangu ilitoa paneli tatu za Mwanjelwa: moja ya “Mwanjelwa”, moja ya “mwanjelwa” kwa herufi ndogo, na moja ya “Mwanjelwa” yenye nafasi moja tupu mwishoni ambayo hakuna jicho linaloweza kuiona. Kwa programu, hayo ni masoko matatu. Kabla ya kugawa paneli, hesabu kila jina linatokea mara ngapi kwa amri ya count; ukiona orodha ni ndefu kuliko masoko unayoyajua, umempata mwizi. Tarehe nazo zina hila yake, kwa sababu 03/04/2023 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini faili lililopitia kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani litasema ni Machi 4, na mvua ya masika itahamia mahali isipostahili bila onyo lolote. Pia kuna siku ambazo kipimo hakikuchukuliwa. Wengine huziacha tupu, wengine huandika 0, wengine -99. Sifuri ni taarifa: inasema mvua haikunyesha. Nafasi tupu inasema hatujui. Na -99 ikiachwa kama ilivyo itachora nguzo inayoshuka chini ya ardhi, jambo ambalo afadhali, kwa sababu angalau litaonekana.

Mpangilio wa paneli usipousema, ggplot2 huufuata alfabeti. Kwa vituo vyetu vitatu hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu Iringa, Mbeya na Tukuyu zimepangwa na alfabeti kutoka penye mvua kidogo hadi penye mvua nyingi. Ongeza Kyela, na bahati inaisha: mvua nzito za ukingo wa Ziwa Nyasa zinajikuta zimebanwa kati ya Iringa na Mbeya, na msomaji haoni tena mteremko wowote. Miezi ndiyo mibaya zaidi. Ukiiandika kwa majina ya Kiswahili na kuiacha mikononi mwa alfabeti, mwaka wako utaanza Agosti, utafuata Aprili, kisha Desemba, na nguzo zitapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Tiba ni kuiambia R mpangilio unaoutaka, ama kwa kuutaja mmoja mmoja kwa amri ya factor, ama kwa kuagiza reorder ipange vituo kwa jumla ya mvua yake.

Skeli, au siku Iringa ilipolingana na Tukuyu

Mji wa Iringa, uliokaa nyuma ya milima ya Udzungwa inayoizuia mvua ya kutoka mashariki, hupata takriban milimita 600 hadi 700 kwa mwaka. Tukuyu hupata zaidi ya 2,000. Ukichora vituo hivyo kwa skeli moja, nguzo za Iringa zinakuwa vijiti vifupi chini ya karatasi, na mtu anayetaka picha “nzuri” hushawishika kuongeza maneno machache, scales = "free_y", ambayo huipa kila paneli skeli yake. Nguzo za Iringa zinanyanyuka, chumba kinajaa, na picha inapendeza.

Nilifanya hivyo mara moja, miaka kadhaa iliyopita, katika kikao cha wakulima mkoani Iringa, nikiwa na projekta na kujiamini kwingi. Paneli mbili, ya Iringa na ya Tukuyu kwa Wanyakyusa, zilisimama bega kwa bega, milima miwili yenye kimo kilekile. Mzee mmoja aliyekaa mbele alinyoosha mkono. “Mwanangu,” aliniuliza, “sisi ni lini tumeanza kupata mvua za Wanyakyusa?” Namba za kwenye mhimili zilikuwa sahihi kabisa, zimeandikwa pembeni kwa herufi ambazo kutoka pale alipokaa hazikusomeka. Alikuwa amesoma kimo cha nguzo, kama mtu yeyote mwenye akili timamu anavyosoma grafu, na kimo hicho kilikuwa kinamdanganya.

Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba paneli za kipimo kimoja zishiriki skeli moja, na anayetaka kuiachia huru atoe sababu. Sababu halali ipo moja hivi: unapouliza kuhusu umbo la msimu badala ya wingi wa mvua. Mvua ya Tukuyu hufikia kilele karibu na Aprili, wakati Iringa inakuwa inaaga masika na ifikapo Mei imekauka. Tofauti hiyo ya umbo inapotea kabisa nguzo za Iringa zikiwa vijiti. Lakini hata hapo nadhani kuna njia ya uungwana zaidi, nayo ni kubadilisha kipimo chenyewe: gawanya mvua ya kila mwezi kwa jumla ya mwaka ya kituo hicho, chora asilimia, na skeli inarudi kuwa moja kwa haki. Msomaji ataona umbo, na jina la mhimili litamwambia wazi kwamba hatazami milimita.

Mwaka unaokatwa katikati

Jambo linalofuata linatuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko watu wa Dar es Salaam au wa Kanda ya Ziwa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ukigawa paneli kwa mwaka wa kalenda, kila paneli inaanza katikati ya msimu mmoja na kumalizikia mwanzoni mwa mwingine, nguzo ndefu zinarundikana kwenye kingo zote mbili, na katikati panabaki bonde tupu la kiangazi. Mtu asiyezijua mvua zetu atadhani tuna misimu miwili. Mbaya zaidi, mahindi yaliyopandwa Desemba 2022 na kuvunwa Juni 2023 yanakuwa yamekaa katika paneli mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuchora tengeneza safu wima ya msimu. Sheria yake ni fupi: mwezi ukiwa Julai au baada yake, msimu ni mwaka huo kujumlisha moja, vinginevyo ni mwaka wenyewe. Novemba 2022 inaangukia msimu wa 2023, na Februari 2023 vilevile. Kisha mhimili mlalo uanzie Julai na kuishia Juni. Msimu mzima unakaa katikati ya paneli kama nundu moja, na ukipanga paneli za misimu kadhaa juu na chini unaweza kuona kwa kutelezesha kidole mwaka gani mvua za kupandia zilichelewa.

Hapa pia ndipo pa kutumia tabia moja ya ggplot2 ambayo wengi huigundua kwa ajali. Kila tabaka la grafu linaweza kupewa jedwali lake, na kama jedwali hilo halina safu wima inayogawa paneli, programu haiwezi kujua tabaka liende chumba gani, hivyo inalichora katika vyumba vyote. Ukiitumia kwa makusudi ni zawadi. Kwa data za Mbeya peke yake:

zote <- rename(mbeya, m = msimu)

ggplot(mbeya, aes(mwezi, mm)) +
  geom_line(data = zote, aes(group = m), colour = "grey80") +
  geom_line(aes(group = msimu)) +
  facet_wrap(~ msimu)

Jedwali la “zote” ni data zilezile, ila safu wima ya msimu imebadilishwa jina, kwa hiyo mistari ya misimu yote inachorwa kwa kijivu hafifu ndani ya kila paneli, na juu yake unakaa mstari mweusi wa msimu husika. Kila mwaka unatazamwa ukiwa na ndugu zake nyuma yake. Ukiisahau tabia hiyo inakugeuka: nimewahi kuona grafu ambayo mstari wa wima wa tarehe ya kupanda Uyole ulitokea pia kwenye paneli za Iringa na Tukuyu, kwa sababu jedwali dogo la tarehe halikuwa na safu wima ya kituo, na msomaji angeamini kwamba mikoa yote ilipanda siku moja.

Vipimo viwili, tarehe moja

Sasa turudi kwenye mvua na bei, yaani kazi ya pili. Mwanafunzi wangu alikuwa amejaribu kuziunganisha katika jedwali moja kwa kutumia mwezi kama kiungo, akidhani kwamba kinachofaa kwa vituo vitatu kitafaa pia kwa vitu viwili. Mvua alikuwa ameijumlisha kwa mwezi, bei zilikuwa za kila wiki. Tuseme Januari ilikuwa na milimita 180, na bei zake zilikuwa nne. Muungano huo ulizipa bei zote nne za Januari ile namba 180, na amri ya geom_col, ambayo ikikuta namba kadhaa mahali pamoja huzipanga juu ya nyingine kama matofali, ikachora nguzo ya milimita 720. Mwezi wenye wiki tano ulizidishwa mara tano. Grafu ilikuwa safi, haikutoa onyo lolote, na ilikuwa na uongo katika kila nguzo. Majedwali yenye hatua tofauti za muda yasiunganishwe kwa ajili ya kuchora, yaachwe mawili.

Kishawishi cha pili ni kuweka vyote katika paneli moja yenye mihimili miwili ya wima, milimita kushoto na shilingi kulia. Tatizo lake ni kwamba mahali mistari miwili inapokutana pameamuliwa na mchoraji, si na data. Nikiinua skeli ya kulia, mvua na bei zinaachana. Nikiishusha, zinapishana palepale ninapotaka. Ggplot2 inaruhusu mhimili wa pili iwapo tu ni badiliko la kihesabu la ule wa kwanza, na ugumu huo naona ni wa makusudi mema.

Njia iliyonyooka ni kuchora grafu mbili na kuzipanga. Kifurushi cha patchwork cha Thomas Lin Pedersen kimeifanya kazi hiyo kuwa kama hesabu ya shule ya msingi: alama ya mkwaju inaweka moja juu ya nyingine, na mstari wima unaziweka ubavu kwa ubavu.

(g_mvua / g_bei) & scale_x_date(limits = mipaka)

Faida kubwa ya patchwork haionekani mpaka uikose. Lebo za mvua ni fupi, kama 200; lebo za bei ni ndefu, kama 120,000, na zinasukuma paneli ya chini kuelekea kulia. Ukizipanga kwa amri kongwe ya grid.arrange bila kurekebisha, Januari ya juu haitakaa juu ya Januari ya chini, na jicho litakalotelemka kutoka kwenye nguzo ya mvua litaangukia bei ya wiki nyingine. Patchwork hupima nafasi ya lebo na kuzilinganisha paneli zenyewe. Alama ya & nayo hupeleka mipaka ileile ya tarehe kwa grafu zote mbili, maana paneli zilizolingana kwa upana bado zitadanganya kama moja inaanza Oktoba na nyingine Desemba.

Bado pana mtego mdogo ambao ulitugharimu nusu saa. Mvua ya mwezi ilikuwa imepewa tarehe ya kwanza ya mwezi, kama ilivyo desturi. Geom_col huiweka nguzo katikati ya tarehe yake, kwa hiyo nusu ya nguzo ya Januari ilikuwa imelala ndani ya Desemba, wakati bei zilikuwa kwenye tarehe zake halisi. Tukaipa mvua tarehe 15 ya kila mwezi na nguzo zikahamia nyumbani kwao. Tukabana pia mipaka ianze tarehe 15 ya mwezi wa mwanzo wa data, na nguzo ya pembeni ikatoweka kabisa, kwa sababu mipaka ya skeli hutupa nguzo yoyote ambayo sehemu yake iko nje. Anayetaka kukata picha bila kutupa data atumie coord_cartesian badala yake.

Na kabla ya yote hayo, lazima bei iwe bei ya kitu kimoja. Faili lilikuwa na safu wima iliyoitwa “bei ya gunia”, na mtu aliyekulia huku anajua kwamba gunia ni neno lenye tumbo. Lipo gunia la kilo 100, na ipo lumbesa iliyoshonewa kilemba juu, na wapo wanaonunua kwa debe. Bei ya lumbesa iliyochorwa karibu na bei ya gunia halali itaonekana kuwa ghali, kumbe kwa kilo ni ya chini. Tuligeuza zote ziwe shilingi kwa kilo pale ambapo uzito uliandikwa, na ambapo haukuandikwa tuliacha tupu. Baada ya hapo paneli ya chini ikaanza kusema jambo ambalo kila mkulima analijua, kwamba bei inalala wakati wa mavuno na kuamka mvua zinapokuwa zimeshika, ghala zikiwa zimeanza kuisha.

Wanaotumia Python, lugha nyingine ya kuandikia programu, wana mgawanyo uleule kwa majina mengine. Kifurushi cha seaborn kina FacetGrid kwa kipimo kimoja na makundi mengi, na kile cha matplotlib, kilichoanzishwa na John Hunter, kina subplots kwa vipimo tofauti. Kumbuka tu kwamba subplots haishirikishi mihimili usipoiomba: andika sharex=True, la sivyo kila paneli itajichagulia tarehe zake.

Kuhusu kuchapisha nitasema machache. Amua upana wa picha kwa sentimita kabla ya kuihifadhi kwa ggsave, kwa sababu picha iliyoonekana vizuri kwenye skrini ikibanwa kuingia kwenye A4 herufi zake zinakuwa chawa. Usitegemee rangi peke yake. Steshenari nyingi zitakutolea nakala nyeusi na nyeupe, na nyekundu na kijani zitatoka kijivu kimoja. Paneli zikizidi kumi na mbili kwenye ukurasa mmoja, jiulize kama msomaji anaweza kulinganisha ya kwanza na ya mwisho bila kusahau ya kwanza.

Tulimaliza saa saba mchana. Picha ya mwanafunzi ilikuwa na paneli nne juu na chini: mvua za Iringa, Mbeya na Tukuyu kwa skeli moja, zilizotokana na jedwali moja refu, na chini yake bei ya mahindi kwa kilo, ikiwa grafu ya peke yake iliyolinganishwa nazo kwa tarehe. Akaniuliza mavuno ya vishamba yakae wapi. Nilimwuliza mavuno hayo yana tarehe gani, akajibu kwamba hayana, ni namba moja kwa kila mbegu kwa kila msimu, na alipokuwa bado anajibu alianza kufungua ukurasa mpya.